Namba ya Simu kwa Asiye na Simu

Ukiwauliza wazee wa Kinondoni maana ya Mwananyamala, watakwambia ni maneno ya Kizaramo: mwana nyamala, yaani mtoto nyamaza. Nani alikuwa akimbembeleza mtoto wa nani, hapo kila mzee ana kisa chake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa upande wa simu, eneo hili lilikuwa kimya kweli kweli. Kutoka Komakoma hadi Msisiri, kutoka Kisiwani hadi Kwa Kopa, ungepita nyumba baada ya nyumba, vyumba sita sita, kila chumba na familia yake, usione waya wa simu ukiingia dirishani.

Aliyekuwa na simu alijulikana mtaa mzima. Namba yake ilikuwa mali ya majirani. Waliiandika kwenye barua za kuombea kazi, wakawapa shemeji walioko Tanga na watoto waliokuwa shule za bweni, kisha wakamwomba Mungu mwenye simu asisafiri. Mtoto alitumwa mbio: "Mama Fulani, unaitwa kwenye simu!" Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akakimbia, na mara nyingi alipofika simu ilikuwa imeshakatika.

Habari nzito zilipita hewani. Mtu akifia katika Hospitali ya Mwananyamala, jamaa wa Songea au Kigoma walijua kwa matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, saa ambayo nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza kama jina la ukoo litatajwa. Aliyetaka kuzungumza na ndugu wa ng'ambo alipanda daladala hadi mjini, akaingia Extelecoms, Mtaa wa Samora, akakaa kusubiri zamu yake.

Shirika la Posta na Simu lililobeba kazi hii tangu kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki liligawanywa kwa sheria ya mwaka 1993. Simu zikaenda TTCL, barua zikaenda Shirika la Posta, na usimamizi ukapewa Tume ya Mawasiliano. Foleni ya kuomba laini ikabaki palepale. Hata mwishoni mwa muongo ule, nchi yenye watu zaidi ya milioni 30 ilikuwa haijafikisha laini za mezani laki mbili. Mobitel, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1994, lakini kile kisimu kizito chenye antena kilikuwa cha wafanyabiashara wakubwa na wenye vyeo. Fundi bomba wa Mwananyamala alikiona kwenye meza ya bosi wake.

Katika pengo hilo ndipo alipoingia Monique Maddy.

Maddy ni mzaliwa wa Liberia, nchi yenye historia isiyofanana na ya jirani yake yeyote. Weusi waliokuwa Marekani, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, walianza kufikishwa kwenye pwani ile mwaka 1822, na mwaka 1847 wakatangaza jamhuri. Alikulia Yekepa, mji wa migodi ya chuma katika jimbo la Nimba, karibu na mpaka wa Guinea, uliojengwa na kampuni ya LAMCO. Wanaojua Mwadui ya almasi katika siku zake nzuri wanaweza kupata picha yake: kampuni ndiyo mwenye nyumba, ndiyo shule, ndiyo hospitali. Elimu ya juu aliipata Marekani, Chuo Kikuu cha Georgetown na kisha Johns Hopkins, halafu akaajiriwa na Umoja wa Mataifa kwenye kazi za maendeleo. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1989 waasi wa Charles Taylor waliingia Liberia kupitia Nimba hiyohiyo. Vita vikaimeza nchi, na mji wa utoto wake ukabaki magofu.

Kazi ya Umoja wa Mataifa haikumtuliza. Aliona mikutano mingi, ripoti nyingi, magari mengi, na mwananchi palepale. Akaacha, akaenda kusoma biashara Harvard. Mwaka 1993, akiwa na mwanafunzi mwenzake Côme Laguë, akaanzisha kampuni waliyoiita African Communications Group, baadaye Adesemi. Nchi waliyoichagua kuanzia ni Tanzania.

Uchaguzi huo ulikuwa na akili. Serikali ya Mzee Mwinyi ilikuwa imefungua milango ya biashara, sheria ya mawasiliano ilikuwa mpya kabisa, nchi ilikuwa na amani, na Dar es Salaam ilikuwa jiji kubwa lenye kiu ya simu. Ila Maddy aliona jambo ambalo wauzaji wengi wa simu wa wakati ule hawakuliona. Wao walihesabu watu wenye uwezo wa kununua simu, wakawapata wachache, wakapanga bei za wachache. Yeye alihesabu watu wenye haja ya kuzungumza.

Na hao walikuwa kila mtu.

Wazo lenyewe lilikuwa la vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni simu za kulipia za barabarani zisizotegemea waya wa ardhini, zinazopeleka sauti kwa mawimbi ya redio. Mtu hangoji nguzo wala mtaro uchimbwe. Unasimamisha kibanda, unaweka antena, simu inalia. Kipande cha pili ni sanduku la sauti: mteja anapewa namba yake mwenyewe, na anayepiga anamwachia maneno kwenye mashine. Cha tatu ni peja, kile kidude cha kuning'iniza kwenye mkanda wa suruali kinachomjulisha mwenyewe kuwa ametafutwa.

Viunganishe vitatu hivyo uone vinavyofanya kazi. Chukua fundi bomba wa Mwananyamala Kisiwani. Hana simu, na chumba anachopanga kina kitanda, jiko la mchina na begi la vifaa. Lakini ana namba. Namba hiyo ameiandika kwenye vikaratasi na kuvigawa Masaki na Oysterbay, kwenye nyumba zenye mabomba mengi. Asubuhi bomba linapasuka kwa mama mmoja wa Oysterbay. Anapiga, anasikia mashine ikimwomba aache ujumbe, anaeleza: maji yamejaa sebuleni, njoo haraka. Peja inatikisika kiunoni mwa fundi akiwa juu ya paa Magomeni. Anashuka, anatembea hadi kwenye simu ya kulipia, anabonyeza namba ya sanduku lake, anasikiliza, anampigia mama yule kumwambia yuko njiani. Kazi ameipata. Kwa gharama ndogo kuliko ya simu ya mkononi ya wakati ule, mtu asiye na simu amekuwa mtu anayepatikana.

Huduma hii waliiita simu pepe, simu isiyoonekana. Mtu aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anaweza kuiona ni mzunguko mrefu. Aliyeishi Dar es Salaam ya wakati ule anajua thamani yake, kwa sababu anakumbuka idadi ya kazi zilizompita kwa kuwa mwenye kazi hakujua pa kumtafuta. Umaskini wa uswahilini una sura nyingi, na mojawapo ni hii ya kutopatikana: ufundi unao, nguvu unazo, na anayekuhitaji yuko kilomita tano tu kutoka kwako, lakini hakuna njia ya kukuita.

Maddy hakuwa Mweusi wa kwanza kutoka ng'ambo ya Atlantiki kuiletea Tanzania elimu ya mitambo na hesabu. Robert Moses, aliyeongoza harakati za kuandikisha wapiga kura weusi huko Mississippi, alikuja na mkewe Janet mwaka 1969 na kufundisha hisabati Same hadi mwaka 1976. Aliporudi Marekani alianzisha mpango wa kufundisha aljebra kwa watoto wa Weusi maskini, akiamini kuwa asiyejua hesabu katika zama za kompyuta ni sawa na asiyejua kusoma katika zama za mashamba ya pamba. Wengine wengi walikuja miaka hiyo, wauguzi, wahandisi, walimu, wakivutwa na Mwalimu Nyerere na Azimio la Arusha.

Juni 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kilipokea Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, la kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Katibu wake mkuu alikuwa Courtland Cox, kijana wa harakati za haki za raia Marekani, na waandaaji kutoka huko walikuja na hoja ya sayansi na teknolojia mkononi: Weusi wenye ujuzi walioko Marekani wautumie kuijenga Afrika. Mwaka huohuo wa 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu ilikuwa chungu na ya kweli. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza ya nchi mwaka 1965, aina ya ICT 1500, na mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ukaishia kwenye vurugu na hasara, hadi ikabidi kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, wataalamu wa kigeni walikuwa ghali, na mashine ilikuwa imeshindwa kazi.

Matukio hayo mawili yanafaa kuwekwa pamoja, kwa kuwa yanaonyesha jeraha ambalo Maddy alilikuta halijapona sawasawa miaka 20 baadaye. Upande mmoja, hamu kubwa ya teknolojia. Upande wa pili, ofisi zilizozoea kuitazama mashine ngeni kwa mashaka. Mkaguzi wa forodha aliyeanza kazi enzi za marufuku hakuwa na sababu ya kushangilia kontena la mitambo ya redio.

Tena mashaka yalikuwa mwanzo tu. Simu ya kulipia ya Adesemi ilipaswa kumfikia mtu mwenye simu ya mezani, na simu za mezani zilikuwa na mwenyewe mmoja nchi nzima, TTCL. Kampuni mpya ilihitaji kuunganishwa na mtandao ule, huku ikiuza huduma ambayo mwenye mtandao naye aliiuza. Masafa ya redio yalihitaji kibali. Kila kifaa kilitoka nje na kulipiwa ushuru. Mapato yalikuwa ya shilingi, sarafu kwa sarafu, kadi kwa kadi, na vifaa vilinunuliwa kwa dola. Mwaka 1991 dola moja ilikuwa haijazidi shilingi 250. Mwaka 1999 ulipokwisha ilikuwa imepita 700. Hebu fikiri kuendesha duka ambalo bei ya jumla inapanda hivyo, na mteja wako ni fundi bomba.

Wenye mtaji nao walikuwa na haraka na taratibu zao. Sehemu ya fedha ilitoka kwa taasisi za maendeleo za nchi tajiri, ambazo hupenda kusikia habari za kuwasaidia maskini lakini zinakaa mezani kama benki, na dhamana na masharti ya benki. Biashara changa inayojenga soko ambalo halijawahi kuwepo inahitaji mwekezaji anayekubali kupoteza ili siku moja apate sana. Maddy alilieleza hili kwa uchungu baadaye, na hapa anastahili kusikilizwa, maana alilisema akiwa amevunjwa na jambo lenyewe.

Adesemi ilifungwa mwaka 1999. Mwaka uliofuata jarida la biashara la Harvard lilichapisha simulizi yake mwenyewe kuhusu ndoto iliyoahirishwa, na mwaka 2004 akatoa kitabu, Learning to Love Africa, kinachoanzia Liberia, kinapitia Harvard na kurudi Afrika. Watu wengi kampuni zao zikifa huficha kaburi. Yeye alilifukua hadharani, akaonyesha makosa ya wawekezaji, ya serikali na ya wajasiriamali wenyewe, yeye akiwemo.

Agosti 2000, Vodacom ilianza kazi Tanzania. Mwaka uliofuata ikaja Celtel. Vocha za kukwangua zikafika dukani kwa Mangi, ushindani ukashusha bei, na ndani ya miaka michache Mwananyamala ikazungumza.

Lakini haikuanza kwa kila mtu kununua simu. Ilianza kwa kibanda. Kilikuwa meza ya mbao, mwavuli mkubwa wa rangi ya kampuni, na juu ya meza simu iliyofanana na ya ofisini, nzito, yenye vitufe vikubwa na antena fupi nyuma, ndani yake imewekwa laini ya simu ya mkononi. Pembeni kuna bango la kadibodi lenye bei ya dakika. Msichana mwenye kibanda ana daftari, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na saa ya mkononi ameiweka mezani, macho yakienda kwenye mshale wa sekunde kila unapokaribia kumaliza dakika. "Dada, imebaki nusu." Mteja anaharakisha maneno, anakata, anahesabu sarafu. Karibu na geti la hospitali vibanda hivi havikukosa watu: huyu anaita mchangia damu, yule anauliza nauli ya kusafirisha maiti hadi Mahenge, mwingine anacheka peke yake kwa sababu amepata mtoto wa kiume.

Namba ya kibanda nayo ikawa namba ya mtaa. Fundi aliitoa kwa wateja wake. Mteja akipiga, dada anapokea, anaandika kwenye daftari: fundi bomba, njoo Oysterbay, maji yamejaa. Anamtuma mtoto. Fundi anakuja, anasoma, analipia dakika moja na kupiga.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Daftari la dada ni sanduku la sauti. Mtoto aliyetumwa ni peja. Simu iliyo juu ya meza chini ya mwavuli ni simu ya kulipia isiyo na waya. Vipande vyote vitatu vya Maddy viko pale mchangani, miaka michache tu baada ya kampuni yake kufungwa, na vinafanya biashara. Aliyewahi kudhani kwamba watu wa uswahilini hawatalipia mawasiliano alipata jibu kwenye vibanda vile, kila siku, kuanzia alfajiri. Maddy alikuwa amehesabu sawasawa.

Kilichobadilika ni gharama na mahali pa kuegemea. Kibanda cha Mwananyamala hakikuhitaji kujenga mtandao. Kilipanda juu ya mitandao mikubwa iliyojengwa kwa mitaji ambayo Adesemi haikuwahi kuiona. Mtaji wake ulikuwa meza. Mashine yake ya kupokea ujumbe ilikuwa binadamu anayewafahamu watu wote kwa majina ya watoto wao. Halafu simu za mkononi zikashuka bei zaidi, watu wakagundua kubipu, njia ya kumwambia mtu "nitafute" bila kutoa hata senti, na ujumbe mfupi wa maandishi ukaiua peja kabisa. Mwaka 2008 ikaja M-Pesa. Mwavuli ukabaki, meza ikabaki, daftari likabaki, na dada yuleyule au mdogo wake akawa wakala wa fedha.

Kutoka Mwananyamala hadi Kijitonyama ni mwendo wa miguu. Huko yapo majengo ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ndani yake tangu mwaka 2011 upo Buni, ukumbi wa kulea vijana wenye mawazo ya kampuni za teknolojia. Wanakuja na kompyuta mpakato, wanachora michoro kwenye ubao mweupe, wanajifunza kusimama mbele ya wawekezaji na kueleza biashara yao kwa dakika chache. Mifano wanayopewa hutoka California au Nairobi. Jina la Monique Maddy ni nadra kutajwa, na hilo ni upungufu wa kusikitisha. Hapa hapa jijini alikuwepo mwanamke Mwafrika aliyesoma soko la uswahilini kabla ya wengine, akajaribu kwa fedha halisi, akashindwa kwa sababu zinazoeleweka, na akaziandika zote. Kijana wa Kijitonyama anayehangaikia kibali, ushuru na mwekezaji asiye na subira angekuta shida zake mle, ukurasa kwa ukurasa.

Kwenye kuta za uchochoroni Mwananyamala mafundi bado wanaandika namba zao kwa rangi ya mafuta: fundi bomba, fundi umeme, fundi friji. Rangi ikibanduka, mara nyingine chini yake hujitokeza namba za zamani, zinazoanza na 0744, 0741 na 0748, za kabla kampuni hazijabadilisha tarakimu za mwanzo kuwa 0754, 0713 na 0784. Baadhi ni za watu waliohama, wengine wamekwisha fariki. Baadhi ni za mafundi walewale, ambao namba iliyo juu yake ni yao pia, imepakwa upya kwa brashi ileile, na wanaoipiga asubuhi bado ni akina mama wa Oysterbay.